Baba Yangu ni Mwalimu

Siku ya tatu ya darasa, mwalimu alituuliza mmoja mmoja baba zetu wanafanya kazi gani. Lilikuwa zoezi la kitabuni, lenye picha za daktari, mpishi, dereva na mwalimu. Zamu yangu ilipofika nilijibu, "Babam öğretmen." Baba yangu ni mwalimu. Akatabasamu, akasema, "Doğru," kisha akamgeukia aliyekaa karibu nami.

Baba alikuwa amezikwa Tanga miezi minane kabla ya siku hiyo.

Sikukusudia kumdanganya mtu. Sentensi ya Kituruki ya aina hiyo haina hata kitenzi: unaweka "baba yangu", unaweka "mwalimu", basi. Wakati uliopita hatukuwa tumeufikia. Maneno niliyokuwa nayo hayakuzidi mia mbili, na nilipoyapekua kichwani sikuona hata moja la kufa. Nilisema kilichosemeka. Lakini ile "doğru" ilinikaa. Usiku nilifungua kamusi nikakuta kwamba neno hilo limebeba pamoja mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga: ni "sahihi", na pia ni "kweli". Mwalimu alimaanisha kwamba sentensi yangu ni sahihi. Kamusi ikawa inaniambia kwamba ni kweli.

Swali lililoanza usiku ule sijalimaliza hadi leo. Mtu akisema jambo lisilo kweli kwa sababu lugha aliyonayo haimfikishi kwenye kweli, je, amesema uongo?

Nilifika Istanbul mwanzoni mwa Oktoba, kusoma Kituruki kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza shahada ya uzamili. Nilipanga chumba Üsküdar, upande wa Asia. Darasa lilikuwa upande wa Ulaya, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka Bosphorus kwa meli ya abiria hadi Eminönü, mkononi nina simit, ule mkate wao wa duara uliojaa ufuta, na shakwe wakitufuata nyuma wakisubiri makombo. Mbele yetu ilisimama Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537, likawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, likageuzwa msikiti Waosmani walipouteka mji mwaka 1453, baadaye likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Katika mji wenye umri huo unaona aibu hujui hata kuuliza choo kiko wapi.

Hata hivyo nilijiona mwenye bahati kuliko wenzangu. Wenzangu kutoka Korea na Kolombia walikuwa wanaanza sifuri, mimi nilikuwa nakutana na ndugu zangu wa mbali. Kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, daftari ni defter, saa ni saat, dakika ni dakika vilevile. Sabuni, askari, hesabu, habari, dunia, akili: yote yapo, yamevaa tu koti la baridi. Lakini ni lakin. Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita kwetu, kikaacha mizigo ileile katika nyumba mbili zisizojuana. Nikatenga kurasa za nyuma za daftari langu kwa ajili ya maneno hayo, na kila siku nilikuwa naongeza.

Mengine yalinichekesha. Wao mgeni wanamwita misafir, kana kwamba kila aliyekaa sebuleni kwako bado yuko njiani. Na kuna merhaba. Kwao ni salamu ya kuanza, ya mtu yeyote kwa yeyote. Kwangu mimi ni jibu la mkubwa aliyeamkiwa. Kijana wa duka la chini ya nyumba yetu, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, aliniambia "merhaba" kila asubuhi, nami kila asubuhi nilihisi kama nimempigia shikamoo bila kujijua.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, akiishi ghorofa ya chini yangu. Alitaka nimwite teyze, yaani mama mdogo. Jioni nikirudi alikuwa ananisubiri na chai katika vile vibilauri vyao vyembamba kiunoni, na mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale. Mama? Nzuri. Ndugu? Nzuri. Baba? Nzuri. Kisha, "Babana selam söyle." Mwambie baba yako salamu. Nami nilijibu "tamam", sawa, kwa sababu ndilo jibu nililolijua.

Wiki ya pili darasani tulijifunza wakati uliopo: anakunywa, anasoma, anakwenda. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika sentensi tano kuhusu baba au mama. Niliandika kwamba baba anaamka mapema, anakunywa kahawa, anasoma gazeti, anakwenda shuleni, anapenda wanafunzi wake. Zote zilipata alama ya vema.

Sitajificha: nilifurahi. Kwa miezi minane, katika Kiswahili, baba alikuwa "marehemu baba". Kila aliyenijua alijua, na kila aliyejua alinisalimu kwa sauti ya chini. Na mimi mwenyewe nilikuwa na deni. Alipofariki nilikuwa Mwanza kikazi. Simu ilinikuta asubuhi, na kwetu maiti hasubirishwi. Alizikwa alasiri ileile. Mimi nilifika Tanga kesho yake usiku, nimekaa kwenye basi na maneno ambayo sikuwa na wa kumwambia. Sikumwona akiugua, sikumwona amefunikwa shuka, sikutia udongo. Nilionyeshwa tuta tu. Sasa hapa, ng'ambo ya bahari mbili, nilikuwa nimepata lugha ambayo ndani yake mzee bado anaamka mapema.

Ijumaa ya wiki ya tatu teyze aliniita ndani. Ukutani palikuwa na picha ya mwanaume mwenye tai na masharubu, amesimama na watoto wa shule. Akaionyesha kwa kidole, akasema maneno mawili tu, taratibu, kama anavyosema nami siku zote: "Rahmetli. Öğretmen."

Nilielewa papo hapo. Rahmetli: mwenye kurehemiwa. Marehemu. Mume wake, na yeye alikuwa mwalimu.

Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa tasbihi ya punje za rangi ya asali, zilizong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole. Ya mwalimu kwa mwalimu. Nikirudi likizo nimpelekee baba.

Niliipokea. Nikasema asante. Nikapanda ngazi.

Kuhusu sentensi ya siku ya tatu nina utetezi, tena utetezi wa kisomi. Augustino, yule askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya uongo yapata mwaka 395. Kwake uongo haupimwi kwa kulinganisha maneno na mambo yalivyo nje. Unapimwa kwa kulinganisha maneno na moyo wa msemaji: je, ana jambo moja moyoni na jingine mdomoni, na anakusudia kupotosha? Anayesema lisilo kweli akiliamini amekosea tu, hajadanganya. Augustino huyohuyo, katika maungamo yake, anasimulia jinsi alivyochukia kufundishwa Kigiriki utotoni kwa vitisho, ilhali Kilatini alikipata bila hofu, kwa waliomlea na kucheza naye. Nadhani angemhurumia mwanafunzi wa siku ya tatu.

Na si yeye peke yake. Lugha yangu mwenyewe ingenitetea. Sisi mtu akikuuliza habari za nyumbani, hata kama kuna turubai uani na watu wamekaa msibani, unajibu "njema". Mgeni wa lugha yetu anaweza kushangaa: njema vipi, na nyumbani kuna maiti? Lakini hakuna Mswahili anayeona uongo hapo. Njema ni kizingiti. Unavuka kwanza, ndipo useme la ndani: "Njema, ila baba hatunaye tena." Kweli yote imewekwa kwenye ile "ila". Anayeuliza anaisubiri, na anayejibu anajua anasubiriwa.

Ndipo nikaona utetezi wangu unapoishia. Mimi nilisema "njema" kwa wiki tatu na sikufika kwenye "ila". Na siwezi tena kudai kwamba sikuwa na maneno. Teyze alikuwa amenionyesha, kwa maneno mawili, bila kitenzi na bila wakati uliopita, kwamba jambo lile linasemeka kwa sarufi ya siku ya tatu. Rahmetli. Öğretmen. Alikuwa amenipa sentensi yangu, tayari imekamilika, na nilichofanya ni kuchukua tasbihi.

Kulikuwa na mwenzetu darasani, mtu mzima kutoka Aleppo. Katika zoezi la nyumba aliandika kwamba nyumba yake ni kubwa na ina bustani. Wakati wa mapumziko alituambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba nyumba hiyo ni kifusi siku nyingi. Akacheka kidogo, akasema kitabu kimemuuliza nyumba yake ikoje, hakikumuuliza kama ipo. Sentensi yake na yangu ni pacha. Zote mbili haziko kama mambo yalivyo, zote mbili zilipata vema. Tofauti ni kwamba yeye, kila alipopata lugha ya kusemea, na msikilizaji, alisema. Zoezi aliliacha liwe zoezi. Mimi zoezi langu nilitoka nalo darasani, nikapanda nalo meli, nikamfikishia bibi wa watu, nikalinywea chai.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa swali langu ni hili: upungufu wa lugha unasamehe sentensi, hausamehi ukimya unaofuata baada ya lugha kupatikana. Na lugha hupatikana mapema kuliko tunavyokubali. Tunapenda kusema "sina maneno", nyumbani na ugenini. Mara nyingi maneno tunayo, ila tukiyatumia kuna kitu tutakipoteza.

Lakini kuna anayeweza kuuliza: hasara iko wapi? Bibi amefurahi, marehemu hadhuriki, na wewe umepata faraja kidogo. Nilijiuliza hivyo kwa siku mbili, tasbihi ikiwa juu ya meza.

Hasara ya kwanza ilikuwa ya teyze. Alidhani anatoa kitu cha mumewe kiende kushikwa na mkono hai wa mtu wa kazi moja naye. Alikuwa na haki ya kuamua kama anataka kukitoa kwa ajili ya mkono usiokuwepo. Zaidi ya hapo, nilimnyima kunijua. Alinifungulia msiba wake akijua mimi sina, kumbe pale mezani tulikuwa wafiwa wawili. Nilimwacha afiwe peke yake.

Hasara ya pili sikuitarajia, nayo ilikuwa ya baba. Nilirudia kusoma zile sentensi tano. Anakunywa kahawa, anasoma gazeti. Baba yangu hakunywa kahawa. Alikunywa chai ya rangi yenye tangawizi, na habari alizipata redioni, ameiweka sikioni kwa sababu betri zimechoka na hataki kununua nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Tangawizi sikuijua kwa Kituruki, na betri pia. Kahawa na gazeti vilikuwa kitabuni, kwenye picha ya baba wa kitabu. Na jambo lililonitisha ni kwamba jioni ile, nilipofumba macho kumkumbuka, nilimwona na gazeti. Ilinichukua muda kulitoa mikononi mwake. Niliyekuwa namfufua kila siku hakuwa yeye. Nilikuwa namzika mara ya pili, taratibu, chini ya mtu mwingine anayefanana na msamiati wangu.

Jumapili nilikwenda kutembea Karacaahmet, makaburi makubwa na ya kale ya Üsküdar, yenye miti mirefu ya saipresi. Mawe ya zamani yamechongwa juu kwa umbo la kilemba kama aliyelala ni mwanaume, na mengi ya wanawake yana maua. Maandishi ni ya herufi za Kiarabu, maana Waturuki waliandika hivyo hadi sheria ya Novemba 1928 ilipoleta herufi za Kilatini. Familia zilikuwa zinapita na ndoo za maji na maua, wengi wao wasiweze kusoma mawe ya mababu wa mababu zao. Mimi, niliyepelekwa chuoni na baba kwa mkono nikiwa na miaka sita, niliweza kuzitamka herufi, ila Kituruki chenyewe sikukielewa. Wao wana lugha, mimi nina herufi, na kati yetu jiwe.

Isipokuwa neno moja. Lilikuwa kwenye jiwe baada ya jiwe, nami nililisoma na kulielewa bila kamusi: merhum. Marehemu. Na chini kabisa, mahali pa kumwombea aliyelala, nilisoma "Fatiha". Nikaisoma Fatiha, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mji ule nilimtaja baba kwa jina lake.

Jioni niligonga mlango wa teyze na tasbihi mkononi. Nilikuwa nimejipangia maneno kwenye ngazi. Nikasema, "Teyze, babam öğretmen." Akaitikia kwa kichwa. "Lakin merhum."

Ni Kituruki kibovu, na cha kizamani pia. Alinitazama kwa muda. Akauliza, "Ne zaman?" Lini? Nikasema Februari, "Şubat". Nikamwona anahesabu. Alipofika Oktoba alijua kwamba salamu zake zote hazikuwa na mpokeaji, na kwamba nilijua wakati nazipokea. Nilitaka kueleza: Mwanza, basi, tuta. Hapo ndipo lugha iliponiishia kweli, na hapo ndipo sikuihitaji kama kisingizio.

Akasema wanachosema Waturuki kwa mfiwa, "Başın sağ olsun," kichwa chako kiwe salama. Nikamnyooshea tasbihi. Akausukuma mkono wangu kifuani kwangu. "Sende kalsın." Ibaki kwako. Kisha akafunga mlango, polepole, lakini aliufunga. Siku nne hakuniita kwenye chai, na sikumlaumu. Siku ya tano aliniita, akauliza habari za mama tu.

Nilipokuwa napanda ngazi usiku ule wa kwanza nilimsikia akiongea kwenye simu, nadhani na dada yake: "Babası vefat etmiş." Nilielewa kwamba anasema baba yangu amefariki. Ile "miş" ya mwisho sikuielewa. Nilidhani ni jina la mtu.

Tuliifikia darasani wakati wa baridi. Kituruki kina njia mbili za kusema lililopita. Moja, -di, ni ya jambo unalolisimamia mwenyewe, kwa sababu umelishuhudia au kwa sababu limekukaa moyoni kama jambo lisilo na shaka. Nyingine, -miş, ni ya jambo ulilosikia, uliloling'amua kwa dalili, au lililokufikia kabla hujajiandaa kulipokea. Sisi tuna "eti" na "inasemekana", lakini tunaweza kuziacha. Wao, wanaposimulia, kitenzi chenyewe kinawataka waseme wanajuaje.

Teyze alikuwa amesema sahihi: kwake ilikuwa habari mpya. Lakini nilipokuwa naandika kanuni ile daftarini nilijiona mwenyewe ndani yake. Tangu ile simu ya Mwanza nilikuwa naishi katika -miş. Baba alikuwa amefariki kwa kusikia. Labda ndiyo maana siku ya tatu nilisema sentensi ile kwa wepesi ule. Sisemi hivyo ili nijisafishe. Ya tasbihi ni yangu. Ila naona sasa kwamba kabla ya kumdanganya bibi wa watu nilikuwa sijamaliza kujiambia mimi kweli.

Zoezi lilitaka sentensi moja ya wakati uliopita kuhusu mtu wa familia, na tuchague kiambishi kinachofaa. Niliandika, "Babam öğretmendi." Baba yangu alikuwa mwalimu. Kwa -di. Mwalimu alipita na kalamu yake nyekundu, akainama juu ya daftari langu, akasema, "Doğru."

Usiku ule sikufungua kamusi.